Breki ya Jiwe

Gari lile lilikuja mtaani kwetu siku ya Ijumaa, watu wanatoka msikitini, na kabla sijaliona nililinusa. Samaki. Tena si samaki mbichi wa kupikwa leo, bali ile harufu ya papa mkavu aliyelazwa kwenye gunia lenye unyevu, imechanganyika na petroli. Nilikuwa nimekaa kizingitini nashona kofia, sindano ikanisimama mkononi. Likapita mbele yangu polepole likikohoa, jeupe lenye mlango mmoja mweusi, likaenda kusimama ubavuni mwa nyumba ya jirani mpya, hatua kumi kutoka mlangoni kwangu. Jirani akashuka anafuta jasho, akaniamkia, "Shikamoo dada." Shikamoo! Mtu mwenye mvi mpaka kifuani! Nilimwitikia marahaba kwa ajili ya adabu tu, lakini tangu salamu ile nilimweka pale ninapowaweka watu wa maneno matamu.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori maisha yake yote. Kusoma kitabu nilifundishwa madrasa na skuli, lakini kulisoma gari nilifundishwa na yeye. Kila asubuhi alilizunguka, akatazama tairi moja moja, kisha akasimama mbele ya kioo akaisoma stika ya bima neno kwa neno, kama hakuisoma jana. Mimi nikimcheka. "Karatasi hii si yangu," alikuwa akiniambia. "Ni ya yule nitakayemgonga." Basi siku ile jirani alipoingia ndani kwake, nikatia kofia kikapuni nikaenda kulisoma.

Mbele kulikuwa na kibao cha manjano cha Tanzania, kimepinda. Nyuma hamna kibao, ni nyaya mbili tu zinaning'inia. Kwenye kioo kulikuwa na stika ya bima iliyokwisha zamani, na tena si yake, maana imeandikwa ni ya pikipiki. Pikipiki! Ameibandua huko alikoibandua, akaigandisha pale kwa gundi, ukingo umekunjika. Nilirudi nyumbani nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, na wala sikuwa nimeligusa.

"Ni la shemeji yangu wa Tanga," aliniambia nilipomuuliza. "Karatasi zake ziko njiani, dada." Ziko njiani! Kutoka Tanga hadi Malindi hata mzee angekuja kwa miguu, tena anavuta mbuzi, angekwisha kufika. Ramadhani ikaingia ikatoka, Idi ikapita, karatasi ziko njiani vilevile.

Ningeweza kuvumilia hayo. Watu wangapi wanaendesha magari yasiyo na mwenyewe. Lakini gari lile lilikuwa halina breki ya mkono, na kichochoro chetu kina mteremko. Ni mdogo, huwezi kuujua mpaka umwage maji. Mimi niliujua kwa maji ya samaki, maana yaliyodondoka kutoka kwenye magunia yake ya samaki wa biashara yalitambaa yakapita mlangoni kwangu, yakashuka mpaka barabarani. Kila siku namwaga ndoo, nasugua kwa ufagio, na kila siku inzi wanarudi. Yeye akija kuegesha anatia jiwe chini ya tairi la nyuma, basi, hiyo ndiyo breki. Na jiwe lenyewe ni langu! Lilikuwa tumbawe la kibaraza changu, pale kilipobomoka mvua ya mwaka jana. Alilichomoa akalichukua, hakuomba, hakusema. Nilipomwambia akacheka: "Jirani, jiwe lako si langu?"

Chini kabisa ya mteremko, pale kichochoro kinapokutana na barabara, ndipo alipokuwa akikaa kuuza vyakula wifi yangu.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Naye ni mjane, tunaishi nyumba moja tangu kaka yake alipofariki. Kila alasiri anateremka na meza yake, jiko la makaa na karai, anakaanga viazi na badia. Pale ndipo walipomjua watu, wa mtaani na wa kupita, na kuna wanaotoka Kilifi wakashuka makusudi kununua. Nilimwambia mara ngapi asogee. "Nisogee mimi?" anasema. "Mimi niko hapa kabla ya Tanga kujengwa." Anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Na hilo gari likishuka, wifi, nitaliuzia viazi."

Mimi sikucheka. Kila akikaa pale na mafuta yanachemka mbele ya magoti yake, macho yangu yanapanda juu mpaka kwenye lile jiwe. Nikishona kofia nalitazama. Nikisinzia nalitazama. Mtu mmoja akilipiga teke, mbuzi mmoja akijikuna, basi.

Mnaniuliza kwa nini sikusema. Nilisema! Nilikwenda kwa mzee wa mtaa, nikamkuta anakunywa kahawa, nikamweleza kila kitu, kibao, stika, jiwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, gari hilo ndilo lililompeleka mke wangu hospitali." Na ni kweli. Gari lile lilikuwa la mtaa mzima. Lilipeleka wagonjwa, lilipeleka watu mazishini, lilirudisha watoto wa madrasa kukinyesha. Yule mwanamume hakumkatalia mtu. Mara moja walilipamba kwa maua ya plastiki wakampakia bibi harusi, mtoto wa watu amevaa shela nyeupe, wakalifukiza udi mpaka moshi ukatoka madirishani. Mimi nilisimama mlangoni na leso puani. Udi na papa mkavu! Na wenzangu wanapiga vigelegele.

Na kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonitia kinyaa mpaka leo, kwa sababu ni langu.

Mke wa jirani ni mpishi. Sisemi anajua kupika, kila mtu anajua kupika, nasema mpishi. Wiki ile ile waliyohamia alinibishia hodi na sahani ya mkate wa kumimina, umeiva, hiliki inanukia, unakatika kwa kidole. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Mama yangu angeona nairudisha tupu angenichapa hata nikiwa na wajukuu. Mkono mtupu haulambwi, na sahani tupu ni tusi. Nikairudisha na vitumbua. Baada ya siku mbili ikaja na sambusa. Nikaipeleka na mahamri na mbaazi. Ikaja na pweza, nikaipeleka na samaki wa kupaka. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme, ilivuka kichochoro kila magharibi, na kila ikivuka inalipita lile gari na lile jiwe. Na laana yake, chakula kilikuwa kitamu. Nililamba vidole. Kila nikitaka kusema na yule bwana kwa ukali, mkewe anatokea amefunika kitu kwa kawa, "Dada, onja hiki," na mimi naonja. Kweli walinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi mgongo nikauinamisha.

Siku moja maji ya samaki yaliingia ndani. Yaliruka kizingiti yakafika kwenye mkeka wangu wa kuswalia. Hapo hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nikaenda pale pale na kalamu, nikainama mbele ya gari, nikaandika nambari ya kile kibao kwenye kikaratasi, nikakitia kifuani. Nikavaa buibui. Nikamwambia wifi, "Nakwenda kituoni. Leo polisi watakuja walisome wenyewe." Wifi akasema, "Nenda, Mungu akufungulie." Nikafungua mlango.

Mke wa jirani amesimama nje, sinia mikononi, kawa juu. Biriani. Alikuwa amemsomea marehemu babake khitma.

Ningefanya nini? Nilipokea. Niliiweka mezani, nikakaa na buibui langu, nikaitazama. Nitamshtaki vipi mtu ambaye sinia lake liko mezani kwangu? Ningetoka kituoni nije nikute sinia la watu linanitazama? Nikajiambia, na naapa wakati ule niliona ni busara: kwanza nirudishe sinia. Nikisharudisha nitakuwa sina chao, nao hawana changu, hapo nitakwenda kituoni kichwa juu. Yaani niliona haya kumshtaki mtu kabla sijamlisha. Ebo! Nikilikumbuka leo nataka kujitemea mate.

Na sikutaka kupeleka chochote tu. Biriani haijibiwi kwa vitumbua. Nikaamua kuku wa kupaka na wali wa nazi. Siku ya kwanza nilitafuta kuku, nikataka wa kienyeji, hawa wa gredi nyama yao ni pamba. Nikaagiza kwa jamaa zetu wa Dabaso. Siku ya pili kuku akafika lakini nazi nilizouziwa zilikuwa zimeoza, nikazirudisha, nikagombana na muuzaji. Siku ya tatu nikapika. Wifi akapita jikoni akanikuta nampaka kuku tui zito, namgeuza juu ya makaa, jasho linanitiririka. Akashika kiuno. "Wifi," akaniambia, "unakwenda kumshtaki mtu au unamwoza binti yake?" Akacheka, akabeba karai lake kichwani, akateremka kazini.

Nilitoka baada ya alasiri na sinia moto. Kikaratasi kiko kifuani, buibui nimeshavaa, nia yangu ni kulifikisha sinia na kupitiliza moja kwa moja. Nilimkuta jirani ameinama nyuma ya gari, lina magunia, anajiandaa kwenda Kilifi. Ameshalitoa jiwe. Analo mkononi, na gari bado limesita mahali pake. Aliponiona akainuka, uso wote meno.

"Mashaallah! Dada, nini hicho?"

"Kuku wa kupaka."

"Wa moto?"

"Wa moto."

Mkewe akaitika kutoka ndani, "Njooni, kisipoe!" Naye akaliweka lile jiwe kwenye ngazi ya mlango wake, akapangusa mikono kwenye shuka, akaingia. Niliona. Nililiona jiwe pale kwenye ngazi, nikalipita, na nililolifikiria ni kwamba lile ni jiwe langu. Hilo tu. Mimi niliyelitazama miezi yote chini ya tairi, siku liliyotoka chini ya tairi nililipita.

Nilitaka kugeuka niende zangu. Mkewe akanishika mkono, "Kaa dada, kunywa ukwaju kidogo," na kukataa ni utovu wa adabu. Nikakaa. Jirani ameshazamisha vidole kwenye wali, anavunja paja, anafumba macho. "Dada, wewe umetuweza," akasema. Na mimi nikafurahi. Hilo nalo nalisema. Nilifurahi kwamba kuku wangu amewashinda.

Sikusikia injini, kwa sababu haikuwashwa. Nilisikia bati likigonga, kisha sauti ya mwanamke.

Nilipotoka nje pale penye gari palikuwa na maji ya samaki tu. Nikatazama chini. Gari limesimama kwenye nguzo ya umeme kule kona, limejikita kwa makalio yake yasiyo na kibao, meza imevunjika, makaa yametawanyika barabarani, na viazi. Wifi amekaa chini. Amekaa, hakulala, ameegemea ukuta, miguu yake ameinyoosha mbele kama mtu aliyechoka. Mafuta yote ya karai yalikuwa yamemmwagikia kuanzia magotini, na mguu wa kulia ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Aliponiona akasema, "Wifi, lilishuka kimya."

Jirani akaja mbio nyuma yangu anapiga kelele yarabi yarabi. Tui lilikuwa kwenye kidevu chake. Tui langu, na manjano yangu, yanamshuka kidevuni, na bado anatafuna. Mimi nimeosha maiti, nimewasafisha wagonjwa, lakini sijapata kuona kitu cha kunitia kinyaa kama kile kidevu.

Na tulimpeleka hospitali kwa kitu gani? Kwa lile lile. Hakukuwa na jingine karibu. Tulimlaza juu ya magunia ya papa, kichwa chake mapajani mwangu, na alikuwa akiniomba nimfunike pua. Hospitalini mwandikishaji akauliza, "Amepatwa na nini?" Jirani akanitangulia. "Mafuta yalimmwagikia, alikuwa anakaanga viazi. Akateleza, akavunjika." Akalisema polepole, kwa adabu, kisha akanitazama. Kikaratasi kilikuwa kifuani kwangu, kimelowa jasho. Wifi anagumia. Nikasema moyoni, kwanza atibiwe. Kwanza! Mimi na kwanza zangu. Nikanyamaza, ikaandikwa hivyo.

Walimhamishia Kilifi, akatiwa vyuma mguuni. Akiwa huko wazee wa mtaa wakaja kwangu, wakakaa safu kwenye mkeka, na jirani kati yao ameinamisha kichwa. Wakasema ni kadari. Wakasema jirani ana haki zake. Mzee wa mtaa akasema, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite." Nikawaambia, "Kadari ni ya Mungu, lakini jiwe lilitolewa na mtu." Wakanitazama wakingoja niendelee. Sikuweza kuendelea. Ningesema lilitolewa na nani, wangeniuliza kwa nini hakulirudisha, na jirani mwenyewe aliinua kichwa akasubiri, kana kwamba naye alitaka kusikia. Wakasoma fatiha wakaondoka. Jioni ile gari lilikuwa mahali pake, jiwe langu chini ya tairi.

Wifi nilimwambia yote, kitandani kule Kilifi, nimemshika mkono. Nilimwambia sinia, ukwaju, jiwe kwenye ngazi. Nilitaka anitukane.

"Huyo kuku," akasema, "alikuwa mtamu angalau?"

"Sikumwonja, wifi."

Akageuza uso ukutani. Mabega yakatikisika, na mimi sikujua kama anacheka au analia, na sikuthubutu kuuliza. Baadaye akasema, bila kugeuka, "Miguu yangu haitateremka tena na karai. Nenda kituoni. Na safari hii usipike kwanza."

Nilirudi Malindi kesho yake. Nikakuta sahani mlangoni, imefunikwa kwa kawa, uji wa mgonjwa na mkate wa mayai. Sikufungua hata kuona umeiva vipi. Niliwapa paka wa mtaa. Nikaiosha sahani, nikaipangusa mpaka ikakauka, nikavaa buibui, nikavuka kichochoro. Mkewe akafungua. Akaipokea kwa mikono miwili kama desturi, mikono ikasikia wepesi wake, akaitazama. Akanitazama mimi.

"Dada," akasema, "haina kitu."

"Haina kitu."

Akaanza kulia pale pale mlangoni, na mimi nikageuka nikashika njia ya kituoni. Sikumwonea huruma, ingawa yeye hakuwa na kosa ila mkono mtamu.

Kituoni alikuwako afande mmoja kijana, mpole, akaniwekea kiti. Nikatoa kikaratasi. Wino ulikuwa umetawanyika kidogo lakini nambari zilisomeka. Nikamweleza kibao cha mbele na nyaya za nyuma, stika ya pikipiki, jiwe, mteremko, miguu ya wifi yangu, na ule uongo wa hospitali. Akaandika yote. Kisha akakigeuza kikaratasi, akakitazama kwa nyuma, akaniuliza, "Mama, gari hili umejua lini kwamba halina bima?"

"Siku lilipofika."

"Lini hiyo?"

"Kabla ya Ramadhani."

Akahesabu kwa vidole. Akaweka kalamu chini. "Sasa mama, muda wote huo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napika, afande."

Akaniinulia macho kuona kama namfanyia mzaha. Nikamwambia aandike hivyo hivyo.